Matundu kwenye Benchi la Baba

Nyumbani kwetu, mtaani Jericho, klampu alikuwa Mama.

Sisemi hivyo kwa mzaha. Mafundi wengine wana vyuma vya kubania mbao. Baba alikuwa na mke. Akitaka kukata, Mama aliepua sufuria, akatoka nyuma ya nyumba akijifuta mikono kwa leso, akapanda juu ya benchi, akaweka goti moja juu ya mbao na viganja viwili mbele ya goti, akatulia. Mama asipokuwepo tulipanda sisi watoto. Ndivyo mafundi wengi wa mitaa yetu wanavyofanya hadi leo: ukikosa chuma unaita mtu. Mtu hanunuliwi dukani, na ukimwita anakuja.

Benchi lenyewe Baba alilitengeneza kwa mikono yake. Alikuwa fundi wa mbao kwenye karakana ya reli, na mabehewa ya zamani yalipovunjwa aliruhusiwa kuchukua mbao za sakafu. Zilikuwa za mvule, nene inchi tatu, nyeusi kwa grisi na miguu ya abiria waliokwisha kufa. Akaziunga kwa bolti, akazitilia miguu minene, akaliweka benchi chini ya kibanda cha mabati nyuma ya nyumba yetu ya kanjo, ya kupanga kwa baraza la jiji. Lilikuwa zito mno. Wezi waliowahi kutuibia hata kamba ya kuanikia nguo hawakulijaribu. Uso wake haukuwa na tundu hata moja, na Baba alijivunia hilo kuliko alivyojivunia watoto. "Uso wa benchi ni kama uso wa mtu," alikuwa akiwaambia wateja. "Hauguswi."

Nyuso zetu sisi ziliguswa.

Msumeno wake ulikuwa na tabia ya kuacha mstari, na ukiuacha, kosa lilikuwa la aliyeshika. "Umesogea," alisema, na kabla hujajibu kipande cha mbao kilikuwa kimetua mgongoni. Nimechapwa kwa saiprasi, nimechapwa kwa mahogani, na ukiniuliza mti gani unauma zaidi nitakujibu bila kufikiri: mkaratusi mbichi. Mama alichapwa kwa chochote kilichokuwa karibu. Kisha Baba aliupeleka ule upande uliopinda kwenye randa, akaunyoosha, akaupiga msasa, na mteja akaja akausifu mkono wake. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Methali yake ilikuwa mchelea mwana kulia hulia yeye, na aliitamka utadhani ni andiko.

Mimi nilipewa jina la mama yake mzazi. Kwa desturi ya watu wetu wa magharibi mwa nchi, binti wa namna hiyo baba yake humwita "mama". Basi aliniita mama akinituma maji, akaniita mama akinichapa. "Umesogea, mama." Huo utamu ndani ya kipigo ndio uliokuwa ukinitia wazimu. Afadhali angenitukana.

Hasira zake nilizirithi zote, sikuwaachia ndugu zangu hata chembe. Siku moja, nikiwa msichana mkubwa, nilikidaka kipande cha mbao kikiwa bado hewani. Tukatazamana, mimi na yeye, kila mmoja ameshika ncha yake. Jioni hiyo nilifunga nguo zangu kwenye shuka nikahamia mtaa wa Mukuru kwa Njenga, kwa rafiki yangu, na tangu hapo natembea kwa miguu kila asubuhi hadi Industrial Area, kwenye karakana inayotengeneza madawati ya shule. Ndiyo, mimi pia ni fundi wa mbao. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kwenye karakana hiyo, siku ya kwanza kabisa, niliona mabenchi yamejaa matundu. Nikauliza ni ya nini. Mwenzangu akachukua chuma kimoja kilichopinda kichwa kama bakora, akakitumbukiza mguu wake kwenye tundu, akaweka mbao chini ya ile pua iliyopinda, akapiga nyundo mara moja kichwani. Ko! Chuma kikakaza ndani ya tundu, mbao ikabanwa kama imeshonewa hapo. Akakigonga nyuma kidogo, kikaachia. Ni kazi ya kufumba na kufumbua, na hakuna mtu aliyepanda juu ya kitu. Nilienda chooni nikalia. Wenzangu walidhani nimeingiwa na vumbi la mbao machoni, na mimi nikawaacha wadhani hivyo.

Miaka ikaenda. Kisha mwaka jana jirani yetu, mama mmoja ambaye tumetenganishwa naye na ukuta tu, akanipigia simu.

"Njoo," alisema. "Mamako amekatwa."

Nilimkuta zahanati, amekaa kwenye fomu ya kungojea, gumba la mkono wa kushoto limefungwa bendeji kubwa kama ngumi ya mtoto. Msumeno ulikuwa umefika kwenye mfupa. Muuguzi alikuwa akimwuliza ilikuwaje, kwa ile sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi.

"Ni mimi niliyesogea," Mama alimjibu.

Hakuwa anamficha mumewe. Nilimtazama usoni, nikaona anaamini kabisa. Alikuwa amekaa juu ya mbao za Baba umri wake wote wa ndoa akiamini kwamba ana mwili mbaya, mwili usiojua kutulia.

Nje, yule jirani aliniambia mengine. Alikuwa anaanika nguo, aliona yote juu ya ua. Baada ya msumeno kumpata, Mama alitoa ukelele, na damu ikamwagikia mbao. Baba akamzaba kofi. Mbao zile zilikuwa za mimbari mpya ya kanisa. Kisha akakimbilia ndani kutafuta kitambaa, akarudi nacho, akaifuta mbao.

Nilitaka kuua mtu. Nasema wazi kwa sababu ndivyo nilivyohisi, na anayetaka kunihukumu anihukumu. Nilisimama kando ya barabara nimeikamua simu hadi jirani akaninyang'anya nisiivunje.

Nilimrudisha Mama nyumbani, nikamwomba aje kukaa kwangu. Akanitazama kana kwamba nimetukana.

"Nyumba hii nimepiga deki sakafu yake tangu wewe hujazaliwa," alisema. "Leo niiache kwa ajili ya mbao?"

"Basi usipande tena kwenye benchi."

"Na mimbari? Kanisa zima linaingoja. Lazima kuwe na mtu wa kushika." Akainua mkono wa kulia, akaugeuza mbele na nyuma, akaukagua kama sufuria iliyobaki baada ya nyingine kutoboka. "Huu si bado mzima?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba atapanda. Bendeji ikipungua tu atapanda, na msumeno utaufuata mkono wa pili. Kumsema Baba hakukuwa na maana. Wachungaji wawili walikuwa wamemsema, akawatengenezea viti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Kama Mama hataki kuondoka kwenye benchi, basi benchi lenyewe litamwondoa.

Nikaenda Kamukunji kwa wafua vyuma. Nilimkuta kijana mmoja aliyekuwa akigonga masufuria, nikamchorea kwa kijiti ardhini kitu nilichokitaka: chuma cha mviringo, unene wa kidole gumba, kipinde kichwa, pua iwe bapa.

"Siz, hii si ni bakora ya chuma?" akasema. "Unaenda kuchapa nani nayo?"

"Hakuna mtu."

"Na mbona ukona hasira hivo? Unanibeba ufala, unanifanya mjinga." Alicheka, lakini alivitia vyuma motoni, na alivipiga vizuri. Nikavifunga viwili kwenye gunia, nikaondoka navyo begani.

Jumamosi iliyofuata Baba alikuwa na mkutano wa wazee kanisani. Niliingia na mashine ya kutoboa niliyoazimwa na msimamizi wangu, biti yake ya kutobolea nene kupita chuma kidogo tu, na skwea ya kupimia wima. Mama alitoa waya ya umeme kupitia dirisha la jikoni. Hakuuliza nafanya nini. Nilimweleza hata hivyo, nikamwonyesha chuma, na yeye akakipima uzito kwa mkono mzima.

"Hiki ndicho kitapanda badala yangu?"

"Ndicho."

"Unatoboa wapi?"

Nikamwambia nilikuwa nimefikiria kutoboa kwa mstari, kama kwenye karakana yetu. Akatikisa kichwa. Akachukua chaki ya Baba, akainama, akaanza kulipapasa benchi. Akachora duara. "Hapa huwa naweka goti akikata upande." Akasogea. "Hapa kiganja. Akipiga randa, hapa." Akachora la tatu. "Na hapa, mbao ikiwa ndefu."

Nilipitisha mkono pale aliponionyesha. Mvule ule mgumu, uliokanyagwa na abiria wa nchi nzima usibonyee, ulikuwa umebonyea kwa goti la Mama. Mahali hapo palikuwa laini na panang'aa. Nilipiga magoti nikaweka biti katikati ya duara, nikasimamisha skwea kando yake, nikaibonyeza mashine kwa nguvu zote kwa sababu kama ningengoja kidogo ningeanza kulia, na machozi na umeme havipatani.

Mvule haukubali kutobolewa. Ulipiga kelele, ukatoa moshi, ukatoa harufu ya grisi ya zamani na pilipili. Ilibidi nichomoe biti mara kwa mara ipoe. Siri ya tundu la namna hii ni wima wake: likienda upande hata kidogo, chuma hakikazi, kinacheza tu kama jino bovu. Kwa hiyo nilikuwa taratibu. Tundu la kwanza likatoka chini safi. La pili likatoka. Nilikuwa katikati ya la tatu Mama aliposema, "Amekuja."

Alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, na koti lake la suti na Biblia kwapani.

"Mama," alisema taratibu. Alikuwa akiniita mimi. "Unafanya nini?"

"Natoboa, Baba."

"Unatoboa benchi langu?"

"Limebaki nusu tundu."

Aliiweka Biblia kwenye dirisha. Alikuwa mwangalifu sana alipoiweka. Kisha akaokota kipande cha mkaratusi.

Pigo la kwanza lilinipata begani. La pili lilinipata sikioni, nikasikia filimbi, na kitu cha moto kikanitiririka shingoni. Sikuiachilia mashine. Biti ilikuwa ndani ya mbao, na ningeyumba tundu lingeharibika. Nilikaza viwiko, nikaitazama skwea, nikaendelea kubonyeza huku ananichapa mgongo, mbavu, mgongo tena, akihema, akisema, "Asiyesikia la mkuu, asiyesikia la mkuu," bila kumaliza. Nilipigwa nikiwa nimetulia kabisa. Niliwaza, kumbe hivi ndivyo Mama anavyofanya. Kwa hiyo huu ndio utulivu unaotakiwa, wa kuchapwa bila kutikisika.

Ndipo akaishika waya ya umeme akaing'oa. Mashine ikanyamaza.

Sikumbuki niligeuka vipi. Nakumbuka tai yake ikiwa ndani ya ngumi yangu na mgongo wake ukigonga mabati ya kibanda, mabati yakalia mtaa mzima. Nilimgongesha tena. Alinipiga ngumi ya mdomo, nikampiga kichwa cha pua. Tulianguka pamoja kwenye maranda ya mbao, yeye chini mimi juu, mzee mwenye mvi na binti yake wa kumwita mama, tunapumuliana usoni kama mbwa. Mkono wangu ulikuta chuma cha Kamukunji. Nikakiinua.

Juu ya ua vichwa vilikuwa vimejipanga. "Wee! Mtoto hampigi babake!" aliita yule jirani, yule yule aliyenipigia simu. Kijana mmoja akapiga mluzi. "Buda anauliwa na dota yake!"

"Nitakulaani," Baba alisema, meno yake yamejaa damu. "Mbele ya watu hawa wote."

"Nilaani nikimaliza," nilimwambia, na chuma bado kiko juu.

Sijui ningefanya nini. Watu hupenda kusema wasingefanya. Mimi sisemi.

"Shusha hicho," Mama alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, pale pale alipokaa tangu nilipoanza kutoboa, mkono wenye bendeji kifuani. Akainuka. Nilidhani anakuja kutuamua. Alitupita, akainama, akaokota waya kwa mkono wa kulia, akaichomeka tena. Mashine, ambayo sikuwa nimeizima, ikanguruma pale kwenye tundu.

"Malizia," aliniambia. "Limebaki nusu."

Nilimaliza. Baba alikuwa amekaa kwenye maranda anajifuta pua kwa tai, na damu ya sikio langu inadondoka juu ya mvule, na hakuna aliyeleta kitambaa. Biti ilipotokeza chini nilizima mashine. Nilitumbukiza chuma kwenye tundu la goti, nikalaza mbao ya mimbari chini ya pua yake, ncha imetokeza nje ya benchi tayari kukatwa, nikapiga nyundo. Ko! Nikatia cha pili, nikapiga. Mama akaja akaisukuma mbao kwa kiganja. Akaisukuma kwa bega. Akaiegemea kwa uzito wake wote, mguu mmoja umeinuka kutoka chini. Haikwenda popote.

Hapo Baba alisimama. Kama angeingia ndani kunawa uso, au kama angeendelea na laana yake, pengine mambo yangeishia hapo. Lakini vichwa vilikuwa bado juu ya ua, na yeye ni fundi.

"Chuma hakina akili," alisema. "Kitaachia. Mtaona."

Akachukua penseli mfukoni mwa koti, akapiga mstari kwa skwea yangu. Akachukua msumeno. Akalenga kwa jicho moja, akaanza kukata, na mtaa mzima ukasikia unga wa mbao ukimwagika. Mbao ilikuwa imetulia tuli. Msumeno ulienda sawa mwanzoni. Halafu kiwiko chake kikatoka nje kidogo, kama kilivyotoka siku zote, na msumeno ukaanza kuelekea kushoto, kule ambako huwa kuna mkono wa mtu. Akauona. Akajaribu kuurudisha kwa nguvu. Ukazidi. Kipande kilipoanguka chini, ukataji ulikuwa umeuacha mstari kwa upana wa kidole.

Mkono wake ulikuwa umeshainama. Ulikuwa umeshaokota kipande kile kile kilichoanguka, umeshainuka nacho, na macho yake yalikuwa yameshageukia kushoto kumtafuta aliyesogea. Palikuwa na chuma. Akabaki hivyo, mkono juu, anakitazama.

Mama alikuja akasimama mbele ya mbao. Aliweka kidole kwenye mstari wa penseli, akakisogeza hadi kwenye ukingo uliokatwa, akakirudisha kwenye mstari. Alifanya hivyo tena. Nikaogopa kwamba anaanguka, nikanyoosha mkono. Hakuhitaji mkono wangu.

"Kumbe sikusogea," alisema.

Hakumwambia yeyote kati yetu. Kisha akamtazama Baba, akamtazama kwa muda mrefu, uso wake wote umekunjamana kwa uchungu ambao sijawahi kuuona kwa mtu aliye hai.

"Siku hizo zote. Sikusogea."

Akaingia ndani. Akafunga mlango wa nyuma, tukasikia komeo. Tukasikia akivuka nyumba, akafunga na wa mbele, na komeo lake pia. Vichwa vikashuka kwenye ua kimoja kimoja, kwa aibu. Mimi nilikunja waya, nikavipangusa vyuma vyangu kwa upindo wa blauzi nikaviacha pale pale kwenye matundu yake.

Baba alikiweka kile kipande chini. Alivaa koti lake vizuri, akafunga kifungo, akapitisha kiganja kwenye nywele zake. Kisha alienda kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe, akasimama nje, akagonga kwa kidole.

"Hodi," alisema.

Akangoja, akasema tena. Hakuna aliyemwitikia, "Karibu."